Stima katika Nyumba ya Kupanga: Mambo Yampasayo Mpangaji Kuyajua

Watu wengi wahamiapo mjini kutafuta kazi hawajengi nyumba, bali hupanga. Hupanga chumba kimoja au viwili, na siku waendapo kukitazama huuliza mambo matatu: kodi ni shilingi ngapi, maji yapo, na stima ipo? Mwangalizi wa nyumba huenda ukutani akabonyeza swichi, taa ikawaka, na hapo maneno yakaisha. Mpangaji hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, akaleta kitanda na vyombo vyake. Ni wachache waulizao stima hiyo ilipitishwaje ndani ya kuta, na ni nani aliyeipitisha.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya swali hilo lisiloulizwa. Taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba ni salama. Taa huweza kuwaka vizuri sana katika nyumba ambayo kesho yaweza kumwua mtoto.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kupanga chumba katika nyumba yenye vyumba vingi na bafu moja la wote. Kila aliyefungua bomba la bafuni akiwa miguu mitupu alisikia mtetemo mkononi, kama wa sisimizi watembeao ndani ya ngozi. Tukauzoea. Wengine walioga wamevaa ndara za mpira, wengine walifungua bomba kwa kitambaa kikavu. Mwangalizi alipoelezwa alijibu, "Hiyo ni stima kidogo tu, haiui." Ikapita miezi mingi. Jioni moja mtoto wa jirani, maji yakimtiririka mwili mzima, alilishika bomba lile akashindwa kuliachia. Mama yake alikuwa mtu mwenye akili ya haraka: hakumshika mtoto, alikimbilia swichi kubwa akaizima. Mtoto akapona, akabaki na alama ya kuungua kiganjani. Fundi alipoitwa siku ya pili aliona kwamba waya wa chombo cha kupasha maji moto ulikuwa umeyeyuka ngozi yake na kugusa bomba, na kwamba bafu zima halikuwa na waya wa ardhi. Kazi ya kulitengeneza jambo hilo ilichukua asubuhi moja.

NYAYA TATU NA KAZI ZAKE

Stima si mgeni katika nchi yetu. Kampuni za kwanza za kuuza stima zilianza Mombasa na Nairobi mwaka 1908, zikaunganishwa mwaka 1922 kuwa kampuni moja. Kwa hiyo zipo nyumba mijini ambazo nyaya zake ni za zamani sana. Hapo kale ngozi ya nyaya ilifanywa kwa mpira wa mti. Mpira huo ukizeeka hukauka, hupasuka na kupukutika kama majani ya mgomba. Nyaya za siku hizi huvikwa plastiki, nayo hudumu zaidi, lakini hata plastiki huyeyuka ikitiwa joto kupita kiasi.

Katika nyumba iliyotengenezwa vizuri, kila soketi ina nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wenye moto, ambao ndio uletao nguvu. Wa pili huitwa nyutro, nao huirudisha nguvu ile baada ya kufanya kazi. Wa tatu ni waya wa ardhi, ambao siku za kawaida haufanyi kazi yo yote. Kwa sababu hauonekani kufanya kazi, mafundi wenye tamaa hupenda kuuacha ili wapunguze gharama, na mwenye nyumba asiyejua hushukuru kwamba kazi imekuwa rahisi. Lakini waya huo ni kama askari wa zamu. Huweza kukaa miaka kumi bila kufanya neno, kisha usiku mmoja akaokoa watu wote waliolala.

Kazi yake ni hii. Pasi, birika, jiko la stima au friji ina mwili wa chuma. Waya wenye moto ukikatika ndani yake na kugusa chuma hicho, chombo chote hujaa nguvu. Kama waya wa ardhi upo, nguvu hiyo hukimbilia ardhini mara moja kwa wingi, fyuzi hukatika, na chombo huzimika. Kama haupo, nguvu hungoja pale pale juu ya chuma mpaka aje mtu akiguse, na mtu huyo ndiye awaye njia ya kwenda ardhini.

Katika nyumba za zamani waya wenye moto huwa mwekundu, nyutro huwa mweusi, na wa ardhi ni wa kijani. Katika kazi za miaka ya karibuni waya wenye moto ni wa kahawia, nyutro ni wa buluu, na wa ardhi una mistari ya kijani na manjano. Mpangaji akifungua plagi ya pasi yake akaona nyaya mbili tu mahali panapotakiwa tatu, asiitumie pasi hiyo mpaka fundi aitengeneze. Vipo vyombo vingine, kama redio na vyombo vya kuchaji simu, vilivyofanywa makusudi kwa nyaya mbili, kwa kuwa mwili wake wote ni wa plastiki. Hivyo havina neno.

NGUVU KIASI GANI HUUA?

Stima ya nyumbani katika Kenya ina volti 240. Volti twaweza kuzifananisha na kimo cha tangi la maji: tangi likiwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Wingi wa maji yapitayo katika bomba ndio mfano wa ampea. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, yaani kazi ifanywayo na chombo.

Sasa angalia hesabu hii. Balbu ndogo ya wati 40 hutumia ampea moja iliyogawanywa mara sita. Mwili wa mtu aliyelowa maji, akisimama juu ya sakafu ya saruji, huweza kupitisha nguvu zaidi ya hiyo ya balbu. Na moyo wa binadamu hauhitaji nguvu nyingi hivyo ili uharibiwe mapigo yake: sehemu 30 katika sehemu 1,000 za ampea moja ni za hatari tayari. Basi yule asemaye "ni stima kidogo tu" hajui asemalo. Mtu aliyevaa viatu vikavu husikia mtetemo. Mtu yule yule akiwa amelowa, katika bafu lile lile, huweza kufa. Stima haikubadilika, kilichobadilika ni maji.

FYUZI SI ADUI

Wapangaji wengi huiona fyuzi kama adui. Mama anapika, baba anapiga pasi, ghafula nyumba yote ni giza. Hapo kijana hodari huchukua kipande cha waya mnene, au karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara, akakitia mahali pa fyuzi, na stima ikarudi. Majirani humsifu. Kwa kweli amemfunga kitambaa machoni yule mlinzi wa nyumba yao.

Fyuzi ni waya mwembamba uliopimwa. Nguvu ikipita kiasi, waya huo huyeyuka kwanza, kabla nyaya za ukutani hazijapata moto. Ukitia waya mnene, fyuzi haitayeyuka tena. Kitakachoyeyuka ni waya ulio ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali ambapo hapana mtu wa kuuona. Moto wa namna hiyo huanza kimya kimya, na aghalabu huonekana wakati dari imekwisha kushika. Nyumba nyingi za siku hizi zina swichi ndogo zinazojizima zenyewe badala ya fyuzi za waya. Hizo nazo zisifungwe kwa kamba wala kuegemezwa kijiti ili zisizime. Zikizima mara kwa mara, zinasema neno, nasi tulisikilize.

Tufanye hesabu ya jioni moja. Plagi yenye meno matatu bapa itumikayo katika nchi yetu, ambayo kanuni yake ilitolewa Uingereza mwaka 1947, hubeba ampea 13 tu, yaani wati 3,120. Mpangaji ana soketi moja chumbani, naye amenunua waya wa kuongezea wenye matundu manne. Tundu la kwanza atia birika la wati 2,000. La pili jiko la koili la wati 1,500. La tatu pasi ya wati 1,200. Jumla ni wati 4,700, au karibu ampea 20. Tena joto la waya haliongezeki sawasawa na nguvu, bali hukimbia mbele yake: nguvu ikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Katika mfano wetu nguvu imezidi mara moja na nusu, na joto limezidi mara mbili na zaidi. Ikiwa waya huo umefunikwa na zulia, au umekunjwa kunjwa chini ya kitanda, joto halina pa kutokea. Matundu manne hayana maana ya ruhusa ya kutia vyombo vinne vikubwa. Chombo kipashacho joto kitumike kimoja kwa wakati mmoja, na kiingizwe katika soketi ya ukutani.

DESTURI MBAYA ZILIZOENEA

Yako mambo machache ambayo karibu kila mpangaji ameyaona, na ambayo yafaa tuyaache.

La kwanza ni kutia kalamu katika tundu la juu la soketi ili kuingiza plagi ya meno mawili. Lile jino refu la plagi yetu lilifanywa refu kwa makusudi: huingia kwanza, likafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini yenye nguvu. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Mtoto amwonaye baba yake akifungua kwa kalamu leo, kesho atafungua kwa msumari. Kiunganishi cha kufaa hununuliwa dukani kwa bei ndogo.

La pili ni kuchomeka nyaya tupu katika soketi na kuzikaza kwa njiti za kibiriti. Waya uliolegea hutoa cheche, na cheche ndiyo mbegu ya moto.

La tatu ni hita ya kutia ndooni ili kupasha maji ya kuoga. Chombo hiki kikiwa kizima hufanya kazi yake. Kikipasuka kidogo tu, ndoo nzima huwa na nguvu. Basi kiingizwe majini kwanza ndipo swichi iwashwe, na swichi izimwe na plagi itolewe kabla mtu hajatia kidole kujaribu kama maji yamepata moto. Ndoo iwe ya plastiki, isiwe ya bati. Watoto wasiachwe karibu.

La nne ni hita ya bafuni ipashayo maji yakiwa yanatoka. Hii hutumia wati 5,000 na zaidi, yaani zaidi ya ampea 20. Haiwezi kabisa kuunganishwa na waya wa taa, wala na waya wa soketi ya kawaida. Lazima iwe na waya wake mnene utokao moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi, swichi yake iliyo mbali na maji, na waya wa ardhi. Bafu lisilo na waya wa ardhi lisiwe na hita.

La tano ni kupitisha nyaya juu ya kuta za mabati. Upepo huitikisa bati, na ukingo wake hukata ngozi ya waya kama kisu. Siku hiyo ukuta mzima hujaa nguvu, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa hapo. Waya upitao kwenye mabati hauna budi kutiwa ndani ya bomba la plastiki.

La sita ni stima ya wizi, ile iitwayo mitaani "sambaza". Huuzwa kwa bei rahisi, lakini haina mita, fyuzi, wala ardhi, na nyaya zake hupita chini, katika matope na mitaro ambamo watoto huchezea. Ni kosa kwa sheria, na tena ni hatari kwa jirani ambaye hata hakuinunua.

KABLA YA KULIPA AMANA

Msomaji hahitaji kuwa fundi ili aitazame nyumba. Robo saa yatosha.

Tazama soketi na swichi. Je, zimepasuka, zimelegea, au zina alama nyeusi za kuungua? Weka mkono juu ya kifuniko cha swichi iliyowashwa kwa muda. Isiwe na joto. Nusa: waya unaoungua hutoa harufu kama ya samaki aliyeharibika au plastiki iliyochomwa. Sikiliza kama kuna mlio wa kuchacharika. Tazama kama taa inafifia jirani anapowasha pasi, kwa maana hiyo ni dalili kwamba vyumba vingi vinanyonya waya mmoja. Tafuta mahali nyaya zilipounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa karatasi ya nailoni. Uliza swichi kubwa ya kuzima nyumba yote iko wapi, na kama imefungiwa ndani ya chumba cha mtu asiyekuwapo mchana. Swichi isiyofikiwa wakati wa hatari ni sawa na kutokuwapo.

Uliza pia kama nyumba ina swichi ya usalama ikatayo stima nguvu inapovujia ardhini. Swichi hiyo ya sehemu 30 katika 1,000 za ampea hukata stima kwa muda usiozidi theluthi moja ya sekunde, nayo ina kitufe cha kuijaribia. Kibonyeze: stima ikizimika, swichi ni nzima. Nyumba yenye swichi hiyo ni bora kuliko yenye rangi mpya.

Jambo moja zaidi hufichika hata kwa wajuao. Swichi ya taa yapasa kukata waya wenye moto. Fundi asiye hodari huikatisha nyutro badala yake. Taa huzimika vizuri, lakini kishikio cha balbu hubaki na nguvu. Kwa hiyo usibadilishe balbu kwa kutegemea swichi ya ukutani peke yake. Zima swichi kubwa kwanza.

NI WAJIBU WA NANI?

Kampuni ya stima huangalia nyaya zake mpaka kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, naye ndiye apaswaye kuhakikisha kwamba zimewekwa na kutengenezwa na fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mpangaji hakosi adabu akimwomba fundi amwonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli huionyesha kwa furaha.

Wajibu wa mpangaji ni kutumia vyombo vizima, kutokuongeza nyaya bila ruhusa, na kutoa habari mapema. Akiona hatari amwambie mwangalizi, kisha aandike barua fupi kwa mwenye nyumba yenye tarehe, akabaki na nakala yake. Barua ya heshima, itajayo chumba, soketi na dalili iliyoonekana, ina nguvu kuliko ugomvi wa mlangoni. Na wapangaji wote wakiitia sahihi, mwenye nyumba hatasema kwamba ni maneno ya mtu mmoja. Tena akumbushwe kwa upole kwamba nyumba ikiungua, mpangaji hupoteza vyombo, bali yeye hupoteza nyumba.

HATARI IKITOKEA

Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa, au uchomoe plagi. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao au rundo la magazeti, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au kiti cha mbao. Fimbo ya chuma au mti mbichi haifai. Lakini kama ni waya wa nguzo ulioanguka barabarani, usiukaribie hata kwa mti. Wazuie watu, ipigiwe simu kampuni ya stima.

Mtu huyo akiwa hapumui, tuma mwenzako akaite msaada, nawe umlaze chali, uweke viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, baada ya stima kuzimwa. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Hata akisema amepona, apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo huweza kugeuka mapigo baadaye.

Moto wa stima usimwagiwe maji stima ikiwa ingali inapita. Zima kwanza, kisha tumia mchanga mkavu au chombo cha kuzimia moto cha unga. Kama moto umeshika dari, toka na watu wote. Vyombo hununuliwa tena.

Tulianza na bafu ambalo wapangaji walizoea mtetemo wa bomba lake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi katika nyumba ile tuliuona ufa kila asubuhi, tukavaa ndara. Yaliyotakiwa yalikuwa waya mmoja wa kijani, fundi mmoja mwenye leseni, na barua moja. Msomaji akiuweka ukurasa huu chini, na ainuke akaitafute swichi kubwa ya nyumba yake, awaonyeshe mkewe na watoto wake mahali ilipo. Kazi hiyo haina gharama, na yaweza kufanywa jioni hii hii.